Kumnyoa Baba

Vipele vya kwanza vilitokea chini ya taya la kushoto la baba, na mimi ndiye niliyevileta. Nilikaa wiki mbili nzima kabla ya kulikubali hilo. Kwanza nililaumu joto la Oktoba, kisha foronya, kisha dagaa.

Baba alifanya kazi kwenye treni mpaka alipostaafu. Alikuwa mhudumu wa behewa la chakula, njia ya Tabora kwenda Kigoma, akiwapelekea abiria chai ya rangi na mayai huku behewa likiyumba. Kazi ile ilitaka shati jeupe, kucha fupi na kidevu kisafi. Alipostaafu alilipumzisha shati, kidevu hakukipumzisha. Mara mbili au tatu kwa wiki, baada ya chai ya asubuhi, alitoka uani na bakuli lake, akatundika kioo kwenye msumari wa ukutani, akanyoa. Nimekulia katika nyumba hiyohiyo ya Ng'ambo, hapa Tabora, na nimemwona akinyoa labda mara elfu, lakini sikuwahi kumtazama. Nilikuwa napita na ndoo, au natafuta kiatu cha shule.

Mwaka juzi akapata kiharusi. Mama alikuwa ameshatangulia, kaka yangu yuko Mwanza na familia yake, na mimi nilikuwa nafundisha shule ya msingi Dodoma. Niliomba uhamisho nikarudi nyumbani. Nilimkuta baba amekaa kitandani, mkono wa kulia umelala juu ya paja kama si wake, na maneno yakimtoka moja moja, kwa shida. Akili yake ilikuwa timamu. Alinitambua, akaniita "mama", kama alivyoniita tangu utoto, maana nimerithi jina la mama yake.

Tulijifunza mambo mengi miezi ile ya mwanzo: kumwamsha, kumvisha, kumtembeza hadi mlangoni na kurudi. Ndevu hatukuzikumbuka. Lakini niliona kwamba wageni wakija kumjulia hali anageukia ukutani na kujifanya amelala. Nilidhani amechoka. Siku moja rafiki yake wa siku nyingi, mzee mmoja wa Kiarabu mwenye duka la vitambaa mjini, alikuja na machungwa akaketi nusu saa nzima akiongea na mgongo wa baba. Alipoondoka nikamuuliza baba kuna nini. Akainua mkono wa kushoto akajigusa shavu.

"Mchafu," alisema.

Nilimwita kinyozi wa mtaani kwetu aje nyumbani. Alikuja mara moja, na mashine yake, na simu inayopiga muziki mfukoni. Baba alivumilia mpaka mwisho, kisha akaniambia kwa kichwa kwamba huyu asirudi. Basi ikabaki mimi.

Si jambo jepesi kwa binti kumshika baba yake usoni. Tulikuwa tumezoea kuheshimiana kwa mbali: shikamoo baba, marahaba mama, chakula tayari. Mara ya kwanza nilipomwekea taulo mabegani sote wawili tulitazama upande. Alifumba macho. Nami nikaanza kuongea kuhusu darasa langu la tatu, jinsi watoto walivyo tisini kwenye chumba kimoja, ili tu kusiwe kimya.

Nilijitahidi kweli. Nilinunua wembe wa plastiki, ule wenye makali matatu, nikiamini kwamba makali mengi ndiyo kazi nzuri. Nilimpaka sabuni ya kuogea na maji ya baridi, nikaivuta ngozi ya shingo kwa vidole vya mkono wa kushoto mpaka ikanyooka kama ngoma, nikanyoa kutoka chini kwenda juu. Nikapitisha kiganja, pakikwaruza nikarudia. Nikarudia tena. Nilitaka awe laini kama mtoto aliyetoka kuoga. Na alikuwa! Nikampiga picha nikamtumia kaka, naye akajibu kwamba mzee amerudi ujana. Siku iliyofuata baba mwenyewe aliomba kupelekwa barazani. Watu walipita wakimsalimu, "Mwangaluka, mzee," naye akiwajibu kwa kuinua mkono wa kushoto. Nilijiona fundi. Nikaanza kumnyoa kila asubuhi kabla ya kwenda shule.

Wiki ya pili akaanza kujikuna. Vipele vilikuwa vigumu, vidogo, vimekusanyika chini ya taya na kushuka shingoni. Vingine vilikuwa na kichwa cheupe. Kila mtu aliyepita barazani alikuwa na jibu lake. Mmoja alisema ni damu chafu, anywe mchanganyiko wa mizizi. Mwingine alisema ni mzio wa nyanya. Mimi nikampaka spiriti kila baada ya kunyoa, akawa anakunja uso hadi machozi. Kisha mwalimu mwenzangu akaniletea tyubu ndogo ya krimu, ile wanayojipaka watu wakitaka weupe, akasema inaondoa kila kitu cha ngozi. Siku tatu vipele vilinywea kweli. Siku ya kumi vilirudi vingi zaidi, na pale nilipopaka ngozi imekuwa nyembamba na nyekundu.

Jumamosi moja, juani, nikiwa nimeinama karibu kabisa na shingo yake, niliona kitu. Ndani ya kipele kimoja, chini ya ngozi, kulikuwa na unywele. Umejiviringisha kama uzi kwenye bobini ya cherehani. Nilifurahi kama niliyemkamata mwizi. Nikaingia ndani, nikatoa sindano ya kushonea, nikaipitisha kwenye moto wa kiberiti, nikaanza kuchokonoa. Baba alisema "Mama" mara moja, kwa upole. Nikamwambia avumilie kidogo, nimeshaukaribia. Niliupata, nikaung'oa. Nikaona na wa pili, nikachimba na huo. Wa tatu sikuupata, niliishia kwenye damu.

Jumatatu jioni nilipotoka shule pale pa tatu palikuwa pamevimba kama punje ya karanga, pana joto, pana usaha. Nilipomsogelea na kitambaa baba alinishika kifundo cha mkono kwa ule mkono wake mzima. Alikuwa na nguvu kuliko nilivyodhani.

"Basi," alisema. "Basi, mama."

Nilikwenda jikoni nikaketi kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi. Kuna makosa ambayo mtu huyafanya kwa uvivu na mengine huyafanya kwa bidii, na haya ya bidii ndiyo yanayouma, kwa sababu nilikuwa nimejisifia.

Asubuhi niliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, tukaenda zahanati kwa bajaji. Daktari aliyekuwa zamu alikuwa dada mdogo kuliko mimi, mwenye sauti ya chini. Alimwamkia baba shikamoo, akasubiri mpaka baba alipolimaliza jibu lake lote. Jambo hilo tu lilinifanya nimwamini. Akawasha tochi ndogo akaitazama shingo upande mmoja, kisha wa pili.

"Anayemnyoa ni nani?"

"Ni mimi."

"Kwa wembe wa makali mengi? Unarudisha juu?"

Nikasema ndiyo. Sikujua alijuaje.

"Si ugonjwa wa damu, wala si chakula," alisema, na alikuwa akimweleza baba, si mimi. "Mzee, ndevu zako ni za kujikunja, kama za wengi wetu. Zikikatwa ndani mno, ncha inabaki imezama chini ya ngozi, na ni kali kama imechongwa. Ikianza kukua haiendi juu, inapinda na kuchoma pembeni. Nyingine hutoka nje kidogo, zikajikunja na kuingia tena. Mwili unaiona kama mwiba. Unaupiga vita. Ndiyo hivi vipele."

Kisha akanigeukia. Alisema wembe wa makali mengi unauinua unywele kabla ya kuukata, kwa hiyo unakatwa chini zaidi, na kuivuta ngozi kunafanya vivyo hivyo: ukiiachia ngozi, ncha inarudi ndani. Kunyoa kila siku hakukuvipa vidonda nafasi ya kupona. Spiriti ilikuwa inaunguza tu. Na ile krimu niliyoitoa mkobani aliishika kwa vidole viwili, akaisoma, akaiweka mbali mezani.

"Hii usimpake tena. Inaficha siku mbili, halafu inakula ngozi."

"Na sindano?" niliuliza, maana nilitaka niadhibiwe kwa yote kwa pamoja.

"Sindano ndiyo iliyoingiza wadudu." Alitabasamu kidogo. "Unywele ukiwa bado umo ndani, uache. Ukishajitokeza wenyewe kama kitanzi juu ya ngozi, unaweza kuinyanyua ile ncha kwa kibanio kisafi cha nyusi. Unyanyue tu. Ukiung'oa, utakaoota badala yake utapotea njia tena."

Alimwandikia baba dawa ya kile kilichovimba, akasema tusinyoe kabisa kwa mwezi mmoja, na kila siku asubuhi na jioni tumkande kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, dakika kumi, tukimsugua taratibu kwa mduara. Uvimbe ukiongezeka au akipata homa, tumrudishe siku hiyohiyo. Madoa meusi yatabaki miezi kadhaa, tusiyapigie mbio.

Tulipokuwa tunainuka akamuuliza baba, "Mzee, zamani ulipokuwa unanyoa mwenyewe, ulikuwa na vipele hivi?"

Baba akatikisa kichwa.

"Ulikuwa unanyoaje?"

Hilo mimi sikuwahi kumuuliza. Nilikuwa nimeishi naye miezi minane, nimemshika shingo kila asubuhi kwa wiki kadhaa, na sikuwahi kumuuliza. Baba alikaa vizuri kitini. Akainua mkono wa kushoto, vidole vimeshika wembe usiokuwepo, akashusha kutoka sikioni kwenda chini, kidogo sana, akasimama, akashusha tena kidogo. Akasema, "Treni." Daktari alinitazama nimfafanulie na mimi sikuweza.

Mwezi ule wa ndevu ulikuwa mzuri kuliko nilivyotarajia. Ziliota nyeupe kabisa, nene, zikamzunguka uso wote. Wapita njia wakaanza kumwamkia kwa "shehe", naye akicheka bila sauti, mabega yakitikisika. Rafiki yake wa duka la vitambaa alikuja na machungwa mengine, akamtazama kwa muda, akasema, "Maashallah! Miaka yote hii nakwambia uache ndevu, ni suna, unanikatalia. Kumbe ulikuwa unasubiri upate dada wa zahanati akuamrishe."

"Mwezi," baba alimjibu, akanyoosha kidole kimoja. "Mmoja tu."

"Usiape. Utajipenda."

Jioni, nikitoka shule, nilibandika maji, nikayaacha yapoe mpaka mkono ukayavumilia, nikaloweka kitambaa na kumwekea baba shingoni. Kwa mara ya kwanza sikuwa na cha kufanya isipokuwa kushika. Dakika kumi ni nyingi mtu akizikaa kimya, na ndani ya dakika hizo maneno ya baba yakaanza kurudi. Labda yangerudi tu, sijui. Lakini ni pale alipoanza kunieleza habari za treni. Aliniambia walikuwa wanaamka kabla ya alfajiri, wakiwa wamepita stesheni ya Usinge, kabla abiria hawajaanza kudai chai, wahudumu wanne na karai moja la maji ya moto kutoka jikoni. Kila sentensi ilimchukua muda. Sikummalizia hata moja, ingawa mwalimu ana kasoro hiyo ya kummalizia mtu.

Kile kilichovimba kilipasuka kikakauka ndani ya wiki. Vingine vilinywea kimoja kimoja. Siku moja, nikikunja kitambaa, niliona kitanzi kidogo cheupe kimejitokeza juu ya ngozi, kimelegea chenyewe kwa joto la maji. Nilipitisha ncha ya kibanio chini yake, nikakinyanyua, kikafunguka kikasimama. Mikono ilikuwa inaniwasha kukivuta. Nikakiacha.

Mwezi ulipotimia nilimuuliza baba kama anataka kubaki na ndevu. Nilimwambia kweli zinampendeza, na kwamba mtu asiyenyoa hapati vipele hivyo kabisa. Alifikiri. Kisha akanielekeza kwa kidole kwenye kabati, droo ya chini, nyuma ya soksi.

Kulikuwa na kijaluba cha bati. Ndani yake: brashi yenye manyoya yaliyopungua katikati, kibakuli cha sabuni, jiwe la shabu la kupitisha usoni baada ya kunyoa, na wembe wa chuma wa kufungua kwa kuzungusha, ule unaowekwa kiwembe kimoja tu. Nilichemsha mpini, nikanunua viwembe vipya dukani kwa jirani. Tukatoka uani. Nikamweka kitini akiangalia jua.

"Maji," alisema. "Moto. Kwanza."

Nikamkanda kwa kitambaa mpaka ndevu zikalainika, nikazipunguza kwa mkasi, nikakoroga povu kwa brashi. Nilipotaka kuanza akanizuia. Akanishika kidole cha shahada akakipitisha kwenye shavu lake, chini, kisha juu, ili nisikie. Kikishuka palikuwa laini, kikipanda palikwaruza. Akakisogeza shingoni. Huko upande wa kushoto nywele zililalia pembeni, kuelekea sikioni, na karibu na koromeo zilizunguka kama kisogo cha mtoto. Upande wa kulia zilishuka tu. Muda wote ule nilikuwa nazinyoa zote kutoka chini kwenda juu kana kwamba ni majani ya uwanjani.

"Zinakolalia," alisema. "Fuata."

Nikaweka wembe. Nikavuta ngozi kwa mazoea, akanipiga kidole.

"Usivute."

Nikaiachia. Nikashusha wembe.

"Usikandamize. Mwepesi. Kidogo... simama. Osha." Alipumua. "Ukikandamiza, gari likiyumba, unajikata."

Hapo ndipo nilipouelewa ule mkono wake pale zahanati. Alijifunza kunyoa amesimama kwenye behewa linalotikisika, kiwembe kimoja, kioo kimefungwa kwa waya. Huwezi kuvuta ngozi, mkono mmoja umeshika chuma usianguke. Huwezi kurudia palepale mara nne, wenzako wanasubiri karai. Hunyoi mpaka chini, kwa sababu unaogopa. Unagusa tu, unashusha kidogo, unangoja reli inyooke, unashusha tena. Miaka yote shingo yake haikuwa na kipele hata kimoja, na yeye alidhani ni kwa sababu alikuwa makini asimwage damu kwenye shati.

"Kona," aliniambia nilipofika kwenye taya, nikasimama kweli kusubiri, na tukacheka wote wawili mpaka povu likamwingia mdomoni.

Nilipomaliza nikapitisha kiganja. Palikwaruza kidogo. Nilisema nirudie.

"Inatosha," alisema baba. Akajipapasa mwenyewe kwa mkono wa kushoto, akajitazama kwenye kioo, akageuza kichwa huku na huku. "Mhudumu," akasema, akaridhika. Nikamsuuza kwa maji ya baridi, nikampitishia shabu.

Tangu hapo tunanyoa Jumatatu na Ijumaa. Kiwembe natupa kila baada ya mara tatu. Vipele havijaisha moja kwa moja. Kimoja kimoja hutokea karibu na koromeo pale nywele zinapozunguka, nacho tunakikanda tu na kukiruka mpaka kinywee. Madoa yalikaa hadi mvua za masika, yakafifia. Na mimi nikagundua jambo ambalo sikumweleza baba: vile vinundu vilivyokuwa vikinisumbua makwapani tangu chuo cha ualimu, ambavyo nilidhani ni manukato, ni kitu hichohicho. Nilibadilisha ninavyonyoa, vikaondoka. Nimefundisha sayansi miaka kumi na saba.

Kaka alikuja likizo ya Juni akaleta mashine ndogo ya betri, ile inayoacha ndevu fupi kabisa bila kugusa ngozi. Alimwonyesha baba jinsi ya kuiwasha. Baba aliigeuza geuza kwa mkono wa kushoto, akaiweka shavuni kwa wasiwasi, akaanza. Alichukua muda mrefu sana. Sisi wawili tulikaa kwenye mkeka tukijifanya tunachambua mchele. Alinyoa shavu la kushoto, akanyoa la kulia kwa kuzungusha mkono mbele ya uso, akafika kidevuni. Kulikuwa na sehemu amezipita bila kuzigusa na kaka alitaka kuinuka. Nikamshika.

Nilijisikia ajabu kidogo, siwezi kukataa. Nilifurahi, na pia nilikuwa nimezizoea Jumatatu na Ijumaa zangu.

Baba alizima mashine, akapangusa vipande vyeupe kwenye mapaja, akaishusha taulo kidogo na kuinua kidevu kuelekea kwenye jua.

"Shingo siioni, mama," alisema. Sentensi nzima. "Njoo uifanye wewe."